Mwamba Ngoma Ngozi Huivuta Kwake: Jinsi Vitabu vya Tarikhi Vilivyowahalalishia Wafalme Viti Vyao

Ndugu msomaji, kila askari ajua ya kuwa nchi yaweza kutekwa kwa silaha. Lakini nchi iliyotekwa kwa silaha haitawaliki kwa silaha peke yake. Moshi wa vita ukisha kutulia, watu huanza kuulizana chini kwa chini: "Huyu anatutawala kwa haki gani?" Upanga hauwezi kulijibu swali hilo, kalamu yaweza. Kwa sababu hiyo wafalme wa Ulaya wa zama za kati, yaani tangu yapata mwaka 500 hadi 1500, hawakuridhika kuwa na wapiga mishale na wapanda farasi tu. Walitaka pia kuwa na watu wa kuandika.

Wiki hii tutautazama ugomvi mmoja ambamo jambo hilo laonekana waziwazi. Ugomvi wenyewe ulikuwa baina ya ufalme wa Uingereza na ufalme wa Uskoti, nchi mbili za kisiwa kimoja, ambazo wakati huo kila moja ilikuwa na mfalme wake. Mbegu yake ilipandwa mwaka 1286, na mapatano yakapatikana mwaka 1328. Ndani yake mna mapigano mengi ya kusimulia, lakini sisi tutaifuata zaidi njia ya vitabu, maana vitabu ndivyo vilivyotoa sababu za watu kupigana.

VITABU VYA WATAWA

Zama hizo mashine ya kupigia chapa ilikuwa haijafika Ulaya. Kila kitabu kiliandikwa kwa mkono juu ya ngozi ya ndama au ya kondoo, iliyolowekwa katika chokaa, ikawambwa, ikakwanguliwa mpaka ikawa nyembamba na laini. Waandishi wengi walikuwa watawa, watu waliojitenga na mambo ya dunia wakaishi pamoja katika nyumba za sala. Katika nyumba nyingi za namna hiyo waliweka kitabu cha mambo ya kila mwaka: mfalme amekufa, mfalme ametawazwa, njaa imeingia, nyota yenye mkia imeonekana, vita vimetokea mahali fulani. Kitabu cha namna hiyo ndicho tunachokiita hapa kitabu cha tarikhi.

Vitabu hivyo viliheshimiwa sana. Wajuao kusoma walikuwa wachache, na neno lililoandikwa lilionekana zito kuliko neno la mdomo. Tena mtawa alidhaniwa kuwa mtu asiye na tamaa, basi kwa nini aseme uongo? Lakini mtawa naye alikula chakula kilicholimwa katika ardhi, na ardhi hiyo mara nyingi ilikuwa zawadi ya mfalme au ya jamaa zake. Wahenga walisema kweli: mwamba ngoma ngozi huivuta kwake. Na hapa ngozi ilikuwa ngozi hasa.

KITI KITUPU

Usiku wa tarehe 19 Machi 1286, Alexander wa Tatu, mfalme wa Uskoti, alikuwa safarini kwa farasi katika hali mbaya ya hewa. Alianguka karibu na Kinghorn, akafa. Watoto wake wote walikuwa wamekwisha kufa kabla yake. Mrithi aliyebaki alikuwa mjukuu wake, Margaret, mtoto mdogo aliyekaa Norwe. Naye mwaka 1290 alifariki njiani, katika visiwa vya Orkney, kabla hajaiona nchi aliyoirithi. Papo hapo wakajitokeza watu zaidi ya kumi, kila mmoja akidai kiti.

Waskoti waliogopa kumwaga damu ya ndugu. Wakamwomba jirani yao, Edward wa Kwanza, mfalme wa Uingereza, awasaidie kuamua. Edward alikuwa hodari wa vita na hodari wa sheria, naye alikuwa amekwisha kuiteka Wales katika vita vya miaka ya 1277 hadi 1283. Alikubali kuamua, lakini alitaka kwanza jambo moja: Waskoti wakiri kwamba yeye ni bwana mkuu juu ya ufalme wao, na kwamba mfalme wao atakuwa mtu wa chini yake. Kwa maneno mengine, aliyeitwa kupatanisha alifika na dai lake mfukoni.

MFALME AWAANDIKIA WATAWA

Sasa tuangalie hila yake. Mwezi wa Machi 1291 Edward aliziandikia nyumba za watawa katika nchi yake akawaagiza wafungue vitabu vyao vya tarikhi, watafute kila habari inayohusu Uingereza na Uskoti, na kumpelekea upesi. Mkutano na Waskoti ulipangwa kufanyika mwezi wa Mei huko Norham, mpakani.

Watawa wakatafuta, wakaona mambo. Waliona habari za miaka ya 920, kwamba mfalme wa Waskoti alimpokea Edward wa zamani, mfalme wa Waingereza, kuwa baba na bwana. Waliona kwamba mwaka 1072 Malcolm wa Tatu alimnyenyekea William Mshindi pale Abernethy. Waliona kwamba mwaka 1174 mfalme William wa Uskoti alitekwa vitani, na ili apate kufunguliwa akalazimika kula kiapo cha utii kwa Henry wa Pili kwa ajili ya Uskoti yote.

Habari hizo hazikuwa za kubuni tu. Lakini ukweli nusu una hatari yake. Mwaka 1189 mfalme Richard wa Uingereza, aliyekuwa akitafuta fedha za kwenda kwenye vita vya msalaba, aliwauzia Waskoti uhuru wao kwa maki 10,000, akalifuta sharti lile la mwaka 1174. Mapatano hayo yalikuwa yameandikwa na kutiwa muhuri. Katika hoja za Edward hayakupewa nafasi. Mtu aliyesoma hoja zake tu angedhani kwamba kiapo cha 1174 kilikuwa kingali kimewafunga Waskoti.

Waskoti walijibu kwa akili. Walisema hawana habari ya dai hilo, na kwamba jambo kubwa namna hiyo laweza kujibiwa na mfalme peke yake, nao kwa sasa hawana mfalme. Ndipo Edward akawageukia wale waliogombea kiti. Hao, kila mmoja akihofia kupitwa na mwenzake, walikiri mmoja baada ya mwingine kwamba Edward ni bwana mkuu. Tamaa ya kiti iliwafumba macho.

Basi sikiliza alivyofanya Edward. Nakala za maungamo hayo zilipelekwa kwenye nyumba za watawa, pamoja na amri kwamba yanakiliwe katika vitabu vya tarikhi, ili kumbukumbu idumu. Majira ya kuchipua alikuwa amechota katika vitabu. Kiangazi cha mwaka huohuo alitia humo. Mtawala wa baadaye ambaye angetafuta ushahidi katika kitabu cha zamani angekuta ushahidi uliowekwa pale kwa makusudi.

KUTOKA NGOZI HADI DAMU

Mwezi wa Novemba 1292 kiti kilipewa John Balliol. Hakuonja raha. Edward aliziita kesi za Waskoti zikasikilizwe Uingereza, akamtaka mfalme wao alete askari kwa ajili ya vita vya Uingereza na Ufaransa. Waskoti walipokataa na kufanya urafiki na Ufaransa, Edward aliwaona kuwa waasi. Hapa ndipo uone nguvu ya neno moja kitabuni. Kama Uskoti ni nchi huru, basi vita vile ni vita vya jirani na jirani. Kama mfalme wake ni mtu wa chini ya Edward, basi ni uasi, na mwasi hana haki.

Mwezi wa Machi 1296 mji wa Berwick ulitekwa, na raia wengi waliuawa pamoja na walinzi wake. Mwezi wa Aprili jeshi la Waskoti lilivunjwa karibu na Dunbar. Balliol alivuliwa ufalme. Edward aliondoka na jiwe la Scone, ambalo wafalme wa Uskoti walitawazwa juu yake, akalipeleka katika kanisa la Westminster mjini London. Alichukua pia hati za serikali ya Uskoti. Hakuna jambo la ajabu hapo: anayejua thamani ya maandishi hawezi kumwachia adui maandishi yake.

MFALME WA HADITHINI

Waskoti walipeleka mashtaka yao kwa Papa. Mwaka 1299 Papa Boniface wa Nane alimwandikia Edward akimkemea kwa kuivamia Uskoti, huku naye akidai kwamba nchi hiyo ni ya Kanisa la Roma. Edward akaombwa kuleta uthibitisho wake. Watawa wakaamriwa tena kufungua vitabu. Tarehe 7 Mei 1301 Edward alipeleka barua ndefu. Alisema hakubali kuhukumiwa na mtu, ila anaandika ili Papa apate kutulia moyo.

Safari hii hakuanza na miaka ya 920. Alianza mbali mno, siku za Eli na Samweli wa Biblia. Ati wakati huo shujaa mmoja aliyeitwa Brutus, mzao wa watu wa Troya, alifika kisiwani akaangamiza majitu yaliyokaa humo, kisha akawagawia wanawe watatu nchi: mkubwa akapewa Uingereza, wa pili Uskoti, wa tatu Wales, wadogo wakawa chini ya mkubwa. Baadaye akaja mfalme Arthur, akaishinda Uskoti, akamweka huko mfalme aitwaye Anguselus. Arthur alipofanya karamu yake kuu, Anguselus ndiye aliyetembea mbele yake akimchukulia upanga. Halafu akaja mfalme Athelstan, aliyemwomba Mungu ishara, akaupiga mwamba karibu na Dunbar kwa upanga wake, mwamba ukachanika kama siagi. Alama hiyo, barua ilisema, ingali yaonekana.

Habari za Brutus na Arthur zilitoka wapi? Nyingi zilitoka katika kitabu alichokiandika padri mmoja, Geoffrey wa Monmouth, yapata mwaka 1136. Geoffrey alidai kwamba alikitafsiri kutoka kitabu cha kale sana alichopewa na rafiki. Hakuna mtu mwingine aliyepata kukiona kitabu hicho cha kale. Karibu na mwaka 1198 mtawa mmoja mwenye kichwa chake, William wa Newburgh, aliandika waziwazi kwamba Geoffrey amesema uongo. Hakusikilizwa na wengi. Hadithi ya Geoffrey ilikuwa tamu, nayo ilinakiliwa mno; hata leo nakala zake za mkono zilizosalia ni zaidi ya 200.

Edward aliujua utamu huo. Mwaka 1278 alikwenda na malkia wake katika nyumba ya watawa ya Glastonbury, ambako watawa walisema tangu mwaka 1191 kwamba wamegundua kaburi la Arthur. Kaburi likafunguliwa, mifupa ikavikwa vitambaa vya thamani, ikazikwa upya kwa heshima za kifalme. Ilikuwa ibada, lakini ilikuwa siasa pia. Watu wa Wales, waliokuwa wakipigana na Edward, walikuwa na masimulizi kwamba Arthur hakufa na kwamba siku moja atarudi kuwaokoa. Mfalme aliwaonyesha watu mifupa: shujaa wenu huyu hapa, amekufa, na mwenye kumzika ni mimi.

Kuna kichekesho ndani yake. Katika kitabu cha Geoffrey, Arthur ni adui wa Wasaksoni, na Wasaksoni ndio mababu wa Waingereza. Edward mwenyewe alikuwa wa ukoo wa Wanormani walioingia kisiwani mwaka 1066. Mfalme alikuwa amejipachika kwenye nasaba ya mtu ambaye, kwa habari za kitabu kilekile, angempiga vita.

WASKOTI NAO WAJIBU

Usidhani, msomaji, kwamba Waskoti walijibu kwa kuleta ukweli mtupu. Mjumbe wao huko Roma, mwanasheria Baldred Bisset, alisema kwamba hata kama Arthur aliishinda Uskoti, aliishinda kwa nguvu, na alipokufa nchi ilirudia uhuru wake. Hoja hiyo ilikuwa nzuri. Lakini aliongeza hadithi yake. Ati Waskoti wametokana na Scota, binti Firauni wa Misri, aliyesafiri na watu wake mpaka Ireland, kisha Uskoti, akichukua kiti cha ufalme, lile jiwe ambalo Edward ameliiba. Mwenye Troya alijibiwa kwa Misri.

Tena mambo haya hayakuwa mageni kwa Waskoti. Mwaka 1249, Alexander wa Tatu alipotawazwa akiwa mtoto, mshairi mmoja mzee alisimama mbele yake, akamsomea majina ya mababu zake mmoja baada ya mwingine mpaka kwenye asili ya mbali. Hata mtoto asiye na nguvu hupata nguvu akizungukwa na majina ya wafu.

Mwaka 1306 mtu mwingine alishika kiti hicho: Robert Bruce. Yeye alikuwa na aibu ya kufunika. Tarehe 10 Februari mwaka huo yeye na watu wake walimwua mpinzani wake, John Comyn, ndani ya kanisa la Dumfries. Na majuma sita baadaye akatawazwa. Edward alifariki mwaka 1307 akiwa safarini kumpiga. Mwezi wa Juni 1314, pale Bannockburn, Robert alilivunja jeshi kubwa la Waingereza lililoongozwa na mwana wa Edward. Ushindi ulimpa nchi. Haukumpa bado haki machoni pa Papa na pa wafalme wengine.

Kwa hiyo kalamu ikaitwa tena. Tarehe 6 Aprili 1320 makabaila wa Uskoti walimwandikia Papa John wa Ishirini na Mbili barua maarufu ambayo jina lake limefungamana na Arbroath. Ilieleza kwamba watu wao walitoka Scythia, wakapita Hispania, wakafika Uskoti miaka 1,200 baada ya Waisraeli kuvuka Bahari ya Sham, na kwamba wametawaliwa na wafalme 113 wa damu yao wenyewe, pasipo mgeni hata mmoja kati yao. Hesabu hiyo ni hadithi, sawa na hadithi ya Brutus.

Lakini katikati ya hadithi hiyo mliwekwa neno ambalo Edward hakuwa nalo katika barua yake. Makabaila walisema kwamba Robert ni mfalme kwa majaliwa ya Mungu, kwa sheria ya urithi, na pia kwa ridhaa yao. Kisha wakaongeza kwamba akigeuka na kutaka kuitia nchi chini ya Waingereza, watamfukuza kama adui na kumweka mfalme mwingine atakayeweza kuilinda. Barua iliyoandikwa ili kumwimarisha mfalme ilimwekea mfalme sharti.

Wala mambo hayakuwa shwari nyuma ya mihuri ile. Kabla ya mwaka huo kwisha, baadhi ya wale waliotajwa katika barua walishtakiwa kwa kula njama dhidi ya Robert. Karatasi yaonyesha umoja. Nyumba yaweza kuwa na nyufa.

Mwaka 1328 Uingereza ilikubali kwa mkataba kwamba Uskoti ni ufalme huru. Amani hiyo haikudumu, lakini dai la Brutus na Arthur halikuweza tena kuifanya Uskoti kuwa mali ya jirani.

HADITHI ZAANGUKA

Vitabu vile vilikuwa na maisha marefu. Miaka ya 1684 hadi 1686, kwa agizo la mfalme Charles wa Pili, mchoraji Jacob de Wet alitengeneza picha 110 za wafalme wa Uskoti kwa ajili ya jumba la Holyrood. Wengi kati ya hao wa mwanzo hawakupata kuishi duniani, lakini kila mmoja alipewa pua na macho.

Hata hivyo, ukweli nao ulikuwa na wafuasi wake. Mwaka 1534 Polydore Vergil, Mwitalia aliyeishi Uingereza, alichapisha tarikhi iliyotia shaka habari za Brutus na Arthur. Wengi wakamkasirikia kama aliyeiba mali ya taifa. Mwaka 1729 Thomas Innes, padri wa Kiskoti, alizipima hati moja moja akaonyesha kwamba wafalme wapatao arobaini wa mwanzo wa nchi yake mwenyewe ni wa kubuni. Huo ndio ushujaa wa msomi: kuipima ngoma ya kwao kwa mizani ileile anayoipimia ngoma ya jirani.

Na lile jiwe? Lilirudishwa Uskoti mwaka 1996, baada ya miaka 700. Mwaka 2023 lilipelekwa London kwa muda kwa ajili ya kutawazwa kwa mfalme Charles wa Tatu, na tangu mwaka 2024 limewekwa katika nyumba ya makumbusho ya Perth, karibu na Scone lilikotoka.

FAIDA KWA NYUMBA ZETU

Askari wa zamu aandikaye daftari la kituo ajua kwamba neno moja likiachwa, mtu asiye na hatia aweza kufungwa. Na neno moja likiongezwa, mwenye hatia aweza kwenda zake. Tarikhi ni daftari la namna hiyo, ila mshtakiwa wake ni taifa zima.

Wazazi, watoto wanaposoma habari za wafalme wa nchi yoyote, wafundisheni kuuliza maswali matatu. La kwanza: ni nani aliyeandika, na alikula mezani kwa nani? La pili: aliandika wakati gani, na palikuwa na shauri gani siku hiyo? La tatu, ambalo ndilo gumu kupita yote: ni jambo gani limeachwa? Mkumbukeni Richard na maki zake 10,000. Edward hakuhitaji kuifuta habari ile, kuinyamazia kulitosha.

Tena kila nyumba na iwe na daftari lake. Mali bila daftari hupotea bila habari, na ukoo nao vivyo hivyo. Andikeni siku za kuzaliwa na za kufa, ndoa na safari, magombano na masikilizano. Andikeni mema ya babu, wala msiyafiche makosa yake. Mtoto akikua, atakapomsikia mtu akidai shamba, cheo au nchi kwa jina la mababu, atakuwa na mahali pa kutazama kabla hajashika rungu.